Kiti Bubu

Maneno yenyewe niliyasikia kwenye foleni ya plasta, na tangu siku hiyo hayajanitoka kichwani.

Foleni ya plasta ni yetu sisi wenye watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Kila wiki unashuka hospitali ya bondeni, plasta ya zamani inalowekwa, inabanduliwa, mguu unazungushwa kidogo tu, plasta mpya inafungwa. Ukikosa wiki, mguu unarudi ulikotoka. Oresta wangu alikuwa na miezi mitatu na miguu yote miwili ilikuwa ndani ya plasta mpaka mapajani.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, mnene, ana sauti ya kanisani, akageuka.

"Mmesikia la mteremko wa Ihanja? Gari lenye mtoto limetupwa mtaroni kupisha gari lenye unga."

"Acha uongo, mama," akasema mwingine. "Ngao haimtupi mtoto."

"Haimtupi ikimwona. Yule alikuwa kwenye sweta na mashali mawili. Gari likamhesabu mzigo."

"Na unga je?"

"Unga haukuvaa sweta."

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikamwangalia Oresta mapajani mwangu, mviringo kama kabichi, sweta, shali la bibi yake, shali la shangazi yake, na blanketi juu. Kicheko kikakatika.

Kwa ambaye Ngao haijafika kwao, nieleze. Magari haya yasiyo na dereva yanaongea yenyewe kwa yenyewe barabarani. Yakikaribia kugongana, yanaulizana umebeba nani. Lenye mtoto linapita. Lisilo na mtoto linajitupa pembeni, iwe mtaro, iwe shamba la mtu. Kiti cha mtoto ndicho kinachosema. Kinapima uzito, kinapima joto, kinasikiliza moyo kupitia kwenye mkanda. Kikiridhika kinalitangazia kila gari lililo karibu kwamba mtoto yumo.

Watu si wajinga. Haikupita muda wakaanza kumbeba Dona. Dona ni mfuko wa unga wa dona, umeviringishwa kama kichanga, tumboni umewekewa chupa ya maji ya moto, na kifuani simu ya zamani inayotetemeka taratibu kama moyo. Unamfunga mkanda, kiti kinawaka kijani, barabara yote inakupisha. Ukienda stendi asubuhi unasikia watu wanaitana, "Dona yuko wapi? Jamani msimsahau Dona!" Kuna waliomvisha kofia. Kuna jirani yangu alimfanyia sherehe ya kutimiza mwaka.

Tulikuwa tunacheka sana.

*

Niliporudi nyumbani siku ile niliita gari la kukodi uani ili nikague kiti tu, nikafungua mlango, nikamweka Oresta kwenye kiti cha Ngao jinsi nilivyokuwa namweka siku zote. Nikavuta mkanda juu ya mashali mpaka ukakaza. Taa ikawaka njano.

Siku zote ilikuwa inawaka njano. Sisi wote tulijua njano maana yake twende, kwa sababu gari linaondoka.

"Njano ni nini?" nikaliuliza gari.

Likajibu kwa ile sauti yake ya kike ya pwani. "Njano. Mkanda umefungwa. Mzigo laini."

Nikamvua shali la kwanza, la pili, nikamvua na sweta. Mama mkwe wangu, bibi Akwilina, alikuwa anaanika ulezi. Akaacha ungo akaja mbio.

"We mama Oresta! Unamvua nguo mjukuu wangu kwenye baridi hii?"

"Kidogo tu, mama. Naangalia taa."

"Taa itamkinga na nimonia? Watu wakipita hapo barabarani watasema bibi yake ameshindwa hata shali moja."

Ndivyo ilivyo huku kwetu Njombe. Mtoto akitoka nje hajaviringishwa, si mama anayesemwa, ni bibi mzaa baba. Kwa hiyo bibi anaviringisha, shangazi anaongeza, mgeni anayekuja kumwona mtoto analeta lake, nalo linavaliwa siku hiyohiyo asije akajisikia vibaya.

Nikarudisha mikanda kwenye mwili wa mtoto, akiwa na nguo nyepesi tu. Ilikuwa imelegea mpaka ngumi yangu inapita. Kumbe nilikuwa nafunga mashali, sifungi mtoto. Siku ambayo gari lingegonga kitu, mashali yangebonyea na Oresta angechomoka kama punje ya hindi bichi. Nikavuta mpaka nikashindwa kuukunja mkanda kwa vidole begani kwake. Taa ikawaka kijani.

"Mtoto yumo," gari likasema.

Bibi Akwilina akaangalia taa, akaniangalia. "Kwa hiyo kabla ya hapo alikuwa hayumo?"

"Alikuwa mzigo, mama."

"Nani kasema mjukuu wangu mzigo?"

"Walitengeneza viti hivi pwani. Mtoto wa huko anapanda gari na fulana. Hawajawahi kumwona mtoto wa Njombe mwezi wa saba."

Akasonya, ule msonyo wenyewe wa kubana midomo. Halafu akachukua shali lake, akalitandika juu ya mikanda iliyokwisha kufungwa, akalichomeka pembeni mpaka kidevuni kwa mtoto. Taa ikabaki kijani.

"Shali linabaki?"

"Linabaki, mama. Ila juu ya mkanda, si chini."

"Hapo sasa umesema." Akarudi kwenye ulezi wake.

*

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wangeishia. Mwanangu kijani, barabara inampisha, umbeya wa foleni umekwisha. Wiki iliyofuata nikashuka naye nikiwa na kiburi hasa. Kiti kilikuwa kimegeuzwa, Oresta anatazama nyuma ya gari, kama inavyotakiwa kwa mtoto mdogo, maana shingo yake bado. Mimi pembeni yake natazama mbele.

Mteremko wa Ihanja ulikuwa umejaa ukungu mpaka huoni pua ya gari. Katikati ya kona gari likasema, bila haraka, "Gari linapanda. Mzigo. Litatupisha."

Kabla sijaelewa nikasikia. Sitaki kuieleza ile sauti. Bati, mawe, halafu kitu kinabiringika.

"Tumepishwa," gari likasema. "Safari inaendelea."

"Simama!"

"Mtoto yumo. Sisimami njiani."

"Nimesema simama, kuna watu pale!"

"Mtoto yumo. Sisimami njiani."

Likanyoosha kona kama vile limekwepa tawi. Mimi sikuona kitu, nilikuwa nimetazama mbele. Aliyetazama nyuma ni Oresta. Alikuwa macho, amekodoa, na anaangalia kioo cha nyuma. Kama kuna cha kuonwa, alikiona yeye, mwanangu wa miezi mitatu, na hawezi kuniambia.

Nikiwa hospitali nikapiga simu Idara ya Ngao. Nikaulizia gari lililotupwa Ihanja asubuhi ile, lilikuwa na nani ndani.

"Lilikuwa na mzigo, mama," akasema kijana wa upande wa pili.

"Mzigo gani?"

"Mzigo ni mzigo, mama."

"Nakuuliza kama kulikuwa na mtoto aliyeviringishwa. Huku kwetu taa zinawaka njano kwa watoto wa kweli. Mnajua hilo?"

"Mama, mtoto wako yuko salama?"

"Yuko salama."

"Basi shukuru."

Jioni tulipopanda kurudi, mtaro ulikuwa umeshasafishwa. Vioo vya taa tu kwenye majani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mama mwenzangu unisikilize. Mimi ni mwoga. Baba Oresta, aliye Songea kwenye kazi ya nguzo za umeme, ananiita mama Tahadhari. Ninaonja uji mara mbili kabla haujamgusa mtoto. Nikisikia kikohozi naamka. Mtu kama mimi ndiye hasa anayetakiwa kuipenda Ngao. Na niliipenda! Nilikaa siku nzima nikijiambia, mtoto wangu kwanza, huo ndio umama, wa mwenzangu ataangaliwa na mwenzangu. Lakini kila nikimfunga Oresta nikaona ile taa ya kijani, nalisikia lile bati. Taa ile haikusema tu kwamba mwanangu amefungwa vizuri. Ilikuwa inasema pia mwingine atupwe.

Na niliuliza, kwa nini magari yote mawili yasishike breki? Jibu nilikuwa nalijua. Magari mawili ya mzigo yakikutana, ndivyo yanavyofanya. Hakuna wa kumpisha mwenzake, yote mawili yanapunguza mwendo tangu mbali, yanapita kwa adabu. Breki zipo! Ila Ngao ilituahidi kwamba mtoto hatatikiswa na breki wala hatachelewa, kwa hiyo afadhali mwingine aende mtaroni.

Nikasema sitaki. Nataka mkanda, sitaki kelele.

*

Kiti bubu nilikipata kwa masista wa kituo cha watoto yatima. Kilikuwa stoo, cha zamani, cha kabla ya Ngao. Hakina taa, hakina sauti, hakisikilizi moyo wa mtu. Kina ganda gumu, sponji, mikanda ya kubana mabega na nyonga, na maandishi ubavuni yanayosema mtoto wa uzito gani akae vipi.

"Hiki hakijawahi kuwa kwenye ajali?" nikamuuliza sista.

"Hakijawahi. Kililetwa na kasha lake, tukapewa vya Ngao kabla hatujakitumia."

Nikakigeuza chini juu. Nikakagua ganda kama lina ufa, nikavuta mikanda kama imechakaa, nikakifunga na kukifungua mpaka sista akaniuliza kama nakinunua au nakioa. Nilipokiweka kwenye gari nikakikandamiza kwa goti, nikapitisha mkanda wa gari pale panapotakiwa, nikauvuta kwa uzito wangu wote mpaka kiti kikawa hakiendi kulia wala kushoto.

Sasa wifi yangu Redemta akapata habari kwamba nashuka bondeni, akaja na lifti yake ya kujialika. Redemta ni mfanyabiashara wa parachichi, mdomo mkubwa, moyo mkubwa zaidi. Alikuja na kapu la sampuli kwapani na Dona mgongoni, amembeba kwa kitenge kabisa.

"Kamwene, wifi! Mpokee mdogo wake Oresta."

"Redemta, huyo haingii humu."

"Haingii? Amekukosea nini, maskini? Angalia alivyotulia. Hajalia tangu asubuhi. Wako atafika hapo lini?"

"Mimi natumia kiti bubu. Sitaki gari langu litangaze mtoto."

Akanitazama kama nimemwambia natembea hadi Songea kwa magoti. "Wifi, una wazimu? Mtoto wa kweli unamficha, mimi wa unga namtangaza, halafu mwenye akili ni nani?"

"Sijamficha. Amefungwa kuliko wewe."

"Kufungwa si kupishwa! Ihanja nzima inapita na Dona. Anayekwenda bila Dona ndiye anayepatikana mtaroni. Unataka Oresta awe yule anayetupwa?"

Hilo lilikuwa swali langu mwenyewe. Na yeye hakungoja jibu, alikwishampachika Dona kwenye kiti cha Ngao upande wa pili na kukaa mbele. Mimi nikakaa katikati, Oresta kushoto, Dona kulia. Bibi Akwilina akatandika shali, juu ya mkanda, bila kuambiwa.

Gari likahesabu kama kawaida yake.

"Watu wazima wawili. Mtoto mmoja. Mzigo mmoja."

Redemta akacheka mpaka akashika tumbo. "Umesikia? Mtoto ni Dona!"

Na mimi nilicheka, nisiseme uongo. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya kifua cha ule mzigo, na ulikuwa unapumua.

Tukafika juu ya Ihanja. Ukungu uleule. Redemta alikuwa amefungua mkanda wake na kugeuka nyuma, anamrekebisha Dona kofia, anamwimbia.

"Wifi, funga mkanda."

"Nani ataniumiza na mwanangu yumo?"

Ndipo gari likasema, "Gari linapanda. Mzigo. Litatupisha."

"Simama!" nikapiga kelele.

"Mtoto yumo. Sisimami njiani."

"Wifi, tulia!" Redemta akasema. "Linatupisha, tulia!"

Nikamwangalia Oresta. Mkanda begani umelala mwilini, haukunjiki. Kiti hakitikisiki. Mgongo na kichwa chake vimekumbatiwa na ganda. Kama breki itashikwa, kiti kitambeba. Kama tutagongwa, sijui. Nikitoa Dona, natoa Ngao yote juu ya kichwa cha mwanangu, kwa ajili ya mtu nisiyemjua, ambaye pengine hayupo, pengine ni mbolea tu. Najua kuna mama atakayenihukumu hapa. Nihukumu.

Nikageukia kulia, nikabonyeza kile kitufe chekundu kifuani kwa Dona, nikamng'oa.

"Mwachie mwanangu!" Redemta akapiga yowe, na akamdaka miguu. Alisema hivyo kweli, kwa midomo yake. Mimi navuta huku, yeye anavuta kule, mfuko ukapasuka katikati yetu na chupa ya maji ya moto ikaanguka sakafuni.

"Mtoto ametoka," gari likasema. "Nashika breki."

Likashika. Mkanda wangu ukanikata bega. Redemta, ambaye hakuwa na mkanda, akarushwa kinyumenyume, kiwiko kikagonga dashibodi. Unga ukajaa gari zima kama ukungu wa nje umeingia. Tairi zikalia, halafu tairi nyingine zikalia mbele yetu, na kila kitu kikanyamaza.

Nilikuwa sioni. Nikapapasa kushoto. Kiti kilikuwa palepale. Nikafuta unga usoni kwa Oresta, akapiga chafya, akaanza kulia kwa hasira, kilio kile kizuri cha mtoto aliye mzima kabisa.

Mbele yetu, pua kwa pua, nafasi ya kupita mbuzi mmoja, lilisimama gari la viazi. Halina kabini wala viti, sanduku tu la kubebea magunia. Katikati ya magunia akainuka mtu, mwanamume wa umri wa baba Oresta, shavu lina alama za katani kwa kulalia.

"Nyie! Mnasimama katikati ya mlima? Gari lenu bovu?"

Nikashuka. "Kaka, gari lako limesema lina mzigo tu."

"Mzigo ni viazi. Mimi Alanus, mpakiaji. Nimelala tu humu, tajiri hakulipia kiti."

"Lilikuwa linatupisha. Lilikuwa linakwenda kule." Nikamwonyesha.

Pembeni yake kulikuwa na mtaro, na baada ya mtaro hakuna kitu, ukungu tu unaopanda kutoka chini. Alanus akaangalia kwa muda. Akaangalia magunia yake. Akakaa juu ya gunia moja taratibu, kama mzee.

Redemta akatoka nyuma yangu, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, ameshika kiwiko. Akasema kwa sauti ndogo, "Kamwene, kaka."

"Kamwene, dada," akajibu yule. "Mbona umejaa unga?"

*

Simu ya Idara ilikuja kesho yake. Safari hii mwanamke, mpole, sauti ya mtu anayesoma.

"Mama Oresta, kumbukumbu zinaonyesha ulimfungua mtoto gari likiwa kwenye mwendo."

"Nilifungua unga."

"Kiti kilithibitisha mtoto."

"Kiti chenu kilithibitisha unga. Mwanangu alikuwa kwenye kiti bubu, na mkilisikiliza gari lenu mtaona lilimwita mzigo. Na mtu mwingine mzima mliyemwita mzigo anaitwa Alanus. Nikupe namba yake? Ana mambo ya kuwaambia."

"Mama, kwa kutumia kiti kisicho cha Ngao ulimnyima mtoto wako ulinzi."

"Nilimnyima upendeleo. Ulinzi alikuwa nao, mikanda mabegani na nyonga, na inabana."

"Jina lako limezuiwa kuita magari mpaka utakapokubali kiti cha Ngao."

"Wiki ijayo mtoto ana plasta."

"Basi ukubali, mama. Ni neno moja tu."

Hapo walinishika penyewe, na walijua. Niliona miguu ya Oresta inarudi kupinda kidogo kidogo ndani ya plasta ya zamani. Nikaona mtaro. Nikajibu nikiwa nalia, sifichi, lakini nilijibu.

"Andika hapo kwamba mama huyu amekataa. Mtoto wangu nitamfunga vizuri kuliko mnavyojua kumfunga. Ila sitamnunulia njia kwa mwili wa mtu mwingine. Na waandikie wakubwa wako njano siyo mzigo. Njano ni watoto wetu."

Nikakata.

Siku ya plasta ilipofika nilikuwa nimejiandaa kutembea. Nimemfunga Oresta mgongoni, nimebeba chai na mihogo. Bibi Akwilina amekasirika. Nafungua geti, nakuta gari nje, na Redemta ndani yake, mkono umetundikwa kwenye kitambaa.

"Nimeliita kwa jina langu. Lete hicho kiti chako kisichosema."

"Dona yuko wapi?"

"Tumemla. Ugali, jana." Akafunga mkanda wake mwenyewe, kwa mkono mmoja, akihangaika, na akakataa nisimsaidie. "Panda, wifi. Tutachelewa, maana leo tunakwenda kama mzigo."

Tulichelewa kweli. Ihanja tuliishuka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Kila kona breki, kila gari breki, tunapishana polepole, mtu anaangalia ndani ya gari la mwenzake. Magari mawili tuliyokutana nayo yalikuwa yanatangaza mtoto, na hayo yalitusukuma hadi ukingoni kabisa mwa barabara, tairi la kushoto kwenye majani, mimi nimemshika Oresta mkono na meno nimeyauma. Sitawadanganya kwamba si hatari. Ni hatari mpaka tutakapokuwa wengi. Wiki hii kwenye foleni ya plasta tuko watano tunaotumia kiti bubu, na yule mama mnene mwenye sauti ya kanisani ndiye anayewafundisha wengine kukaza mikanda.

Kwa hiyo nawaandikia, nyie mnaokuja nyuma yetu, iwe gari lenu lina dereva au halina, iwe Ngao imefika kwenu au bado. Haya msifanye:

Usimpakate mtoto kwenye gari linalotembea. Mikono yako haina nguvu hizo, hata kama unampenda.

Usipitishe mkanda juu ya sweta, shali wala blanketi. Mkanda mwilini kwanza, cha kumkinga baridi juu yake.

Usiache mkanda ulegee. Ukiweza kuukunja kwa vidole begani, bado.

Usimgeuze kutazama mbele kwa sababu amechoka kutazama nyuma. Soma uzito na urefu ulioandikwa kwenye kiti.

Usiweke kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga, kama haujazimwa.

Usichukue kiti cha mtumba bila kujua kimetoka wapi. Kilichokuwa kwenye ajali kitupe, hata kama kinang'aa.

Usifunge watoto wawili mkanda mmoja.

Usikae wewe bila mkanda. Ukirushwa, unamwangukia yeye.

Usimwache amelala kwenye gari lililosimama, hata dukani hapo tu.

Usiamini taa. Shika mkanda kwa mkono wako.

Usifunge unga.

Na usiharakishwe. Gari lisubiri, foleni isubiri, na huyo anayekufokea uingie haraka naye asubiri mpaka umemaliza.